Kule Chini kwa Hudak

Corinne alipomwambia baba yake kwamba amepata nyumba ya kununua, mzee Lucius Gadsden alikuwa anamenya viazi, wala hakuinua uso. Binti yake alishapata nyumba mara nyingi. Kila mara alitokea mtu mwenye mfuko mzito zaidi akamwahi.

"Hii hakuna anayeitaka," Corinne akasema.

"Basi na wewe usiitake."

"Njoo uione tu, Baba. Macho hayalipiwi."

Corinne alikuwa na miaka arobaini na mitano, dereva wa basi la shule, ameachana na mumewe zamani, na mwanawe wa pekee yuko jeshini. Tangu mama yake, Odessa, alipofariki, yeye na mzee walikuwa wamepanga vyumba juu ya duka la kufulia nguo. Mashine zilikuwa zikizunguka chini yao mchana kutwa, sakafu ikitetemeka, na picha ya Odessa ukutani haikukaa sawa hata siku moja. Mzee akiinyoosha asubuhi, jioni imeshainama tena. Alikuwa ameanza kuizoea hivyo.

Basi wakaenda. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Aprili, theluji ya mwisho imebaki vipande vipande kwenye vivuli vya kuta. Corinne akapandisha gari kilima cha Homestead, mji wao, na mto Monongahela ukabaki nyuma yao bondeni. Alipokata kona ya Barabara ya Kumi na Tatu, mzee akamshika mkono.

"Ngoja. Wapi unanipeleka?"

"Pale, penye baraza lililolala."

Mzee akatazama. Nyumba ya matofali, ghorofa mbili. Paa limebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee. Mfereji wa maji ya mvua unaning'inia kwa msumari mmoja, na dirisha la juu limezibwa kwa mbao.

"Ile," akasema polepole, "ni nyumba ya Stefan Hudak."

"Unamfahamu mwenyewe?"

"Nilimfahamu."

Mlango wa mbele ulikuwa umevimba kwa unyevu. Corinne akausukuma kwa bega, akaupiga teke, akautukana kidogo. Alipogeuka kumwomba baba yake msaada, mzee hakuwepo. Alikuwa ameshazunguka nyuma, ameshuka ngazi tatu za zege, na amesimama kwenye mlango mdogo wa chumba kilichochimbwa chini ya nyumba. Mlango huo ulifunguka kwa kuinuliwa kidogo kabla ya kusukumwa. Aliuinua bila kufikiri.

Ndani kulinuka ukungu na makaa ya mawe. Corinne akawasha tochi, na mwanga wake ukatua juu ya choo kimoja cheupe, kimekaa peke yake katikati ya chumba, hakina ukuta wala pazia.

"Mungu wangu! Nani huyo aliyeweka choo katikati ya nyumba kama kiti cha mfalme?"

Mzee akacheka, na Corinne akashangaa, maana baba yake alikuwa hajacheka hivyo kwa muda mrefu. "Wote walikuwa nacho. Mtu akitoka kiwandani amejaa masizi mpaka ndani ya masikio, mkewe atamruhusu akanyage sakafu yake? Unaingilia huku chini, unajisaidia, unaoga kwenye lile sinki, unatundika nguo za kazi pale. Ndipo unapanda juu ukiwa mtu."

Akagusa kulabu zilizopangwa ukutani. Ya mwisho, karibu na dirisha dogo, ilikuwa yake.

Miaka ishirini na nane yeye, mtu mweusi, na Hudak, Mzungu, walifanya kazi tanuru moja katika kiwanda cha chuma. Mara ya kwanza walikaribia kupigana kwa sababu ya koleo. Mara ya pili Hudak alimvuta kwa ukosi wa koti, sekunde chache kabla ya chuma cha moto kumwagika mahali aliposimama, kisha akamtukana kwa lugha ya kwao Slovakia mpaka pumzi ikamwishia. Tangu siku hiyo wakawa ndugu. Kila Ijumaa ya mshahara, zamu ya mchana ikiisha, walipanda kilima pamoja na kuingilia mlango huu wa chini. Walioga, wakakaa juu ya makreti, wakanywa bia, wakacheza karata na kubishana kuhusu besiboli. Hudak alikuwa mwizi wa karata, na mbaya zaidi hakujua kuiba. Alikuwa anaficha karata kwenye soksi, kisha anaisahau huko.

Na mkewe Hudak alikuwa anapika. Mlango wa juu unafunguliwa, mkono unatokea na sahani mbili za kabichi iliyoviringishiwa nyama na wali, Hudak anapanda kuzipokea. Kisha mlango unafungwa.

Corinne alikuwa ameshafika katikati ya ngazi za kwenda juu. "Baba, angalia hatua ya tatu, imeoza. Unakuja?"

Mzee alikuwa bado chini, mkono wake kwenye kishikio cha ngazi.

"Baba?"

"Sijawahi kupanda hizi."

"Si umesema mlikuwa marafiki miaka yote hiyo?"

"Tulikuwa."

Corinne akashuka hatua mbili, akamnyooshea mkono. "Njoo," akasema. "Njoo basi, tuone alikuwa anaficha nini."

Kilichomshangaza Lucius ni udogo wa jikoni. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amepajenga kichwani kwa kusikiliza tu: hapa kiti kinaburutwa, pale redio, huku viatu vya yule mama vikienda na kurudi kati ya jiko na meza. Katika mawazo yake kilikuwa chumba kipana chenye mwanga, na jiko liko upande wa mtoni. Sasa aliona chumba cha hatua chache tu. Dari lote limeangukia sakafuni, maana bomba lilipasuka kwa baridi nyumba ikiwa haina mtu. Na jiko lilikuwa upande wa barabarani. Hilo lilimuuma kuliko dari. Akabaki anaangalia ile alama nyeusi ukutani lilipokuwa jiko, kama mtu aliyeambiwa kwamba jina aliloliita maisha yake yote silo.

*

Walipokuwa wamekaa garini, Corinne akamweleza mpango wake.

"Benki ya kawaida haiwezi kukopesha kwa nyumba hii. Wakiona lile paa tu wanakimbia. Lakini kuna mkopo ambao serikali inaudhamini, wa watu wanaonunua nyumba mbovu. Unakopa mara moja, ya kununulia na ya kutengenezea. Hawatazami nyumba ilivyo leo, wanatazama itakavyokuwa ikishakarabatiwa."

"Na hizo za kutengenezea wanakupa mkononi?"

"Thubutu! Zinakaa benki. Fundi akimaliza paa, mkaguzi anapanda, anaangalia, anasaini, ndipo fundi analipwa ya paa. Akimaliza mabomba, vilevile. Mimi natanguliza kidogo tu. Baba, ninayo hiyo kidogo. Nimeiweka miaka sita."

Mzee akaangalia waipa zilizolala kwenye kioo.

"Serikali ileile?" akauliza mwishoni.

"Ipi?"

"Iliyokuwa inadhamini mikopo mwaka hamsini na nane."

Corinne alikuwa mtoto mchanga mwaka huo, na kisa hicho alikijua kwa vipande tu. Siku hiyo ndani ya gari baba yake alikisimulia chote. Yeye na Odessa walikuwa wameona nyumba, siyo mbali na hapa. Odessa alishachagua hata mahali pa kabati la vyombo. Walivaa nguo za kanisani, wakaenda benki, na karani aliwapokea vizuri, akawapa viti. Kisha akauliza mtaa. Wakautaja. Karani akatazama ramani iliyokuwa nyuma yake, akasema kwa sauti ya upole kabisa kwamba mikopo inayodhaminiwa na serikali haitolewi mitaa ile, wala mitaa mingine haitawafaa watu kama wao.

"Laiti angenifokea," mzee akasema. "Ningemfokea na mimi. Lakini alitufungulia mlango tulipotoka. Mama yako alimwambia ahsante. Njia nzima alikuwa anajilaumu kwa ile ahsante."

Mvua nyembamba ikaanza. Corinne hakuwasha gari.

"Ukisema nisinunue, sinunui," akasema.

"Nani amesema usinunue? Nimekueleza tu." Akafuta kioo kwa kiganja. "Lakini hiyo siyo nyumba, mwanangu. Hizo ni kuni."

"Ni kuni zenye anwani."

"Mdomo huo umeurithi kwa mama yako."

*

Mkopo ulichukua muda wa kumchosha mtumwa. Akaja mtu wa kupima thamani, akaja mkaguzi wa kuorodhesha yanayopaswa kufanywa, akaja fundi mkuu, Vince Carbone, mwenye tumbo lililotangulia mlangoni na penseli nyuma ya kila sikio. Benki iliomba karatasi, ikapewa, ikaziomba tena. Corinne alikuwa akitoka kuegesha basi la shule anakwenda moja kwa moja kwenye simu. Mzee alimsikia mara moja akimwambia mtu wa benki, "Dada yangu, nimewatumia cheti cha talaka mara tatu. Mnataka nimlete na mume mwenyewe?"

Mwishoni mwa Juni wakaitwa kusaini. Muuzaji alikuwa Marlene, binti wa Hudak. Lucius alimkumbuka kama msichana mwenye magoti yenye makovu aliyekuwa akichungulia kwenye dirisha dogo la chini na kukimbia. Sasa alikuwa mwanamke wa makamo, mwalimu wa huko Ohio, nywele zimeanza mvi. Aliinuka kumsalimu Corinne, kisha akamwona mzee nyuma yake, akaketi tena.

"Lucius wa Baba," akasema.

"Umekua," mzee akasema, na watu wote chumbani wakacheka.

Baada ya kusaini, Marlene alimwomba mzee watoke nje kidogo. Wakasimama kwenye kivuli cha jengo la benki. Marlene alikuwa anazungusha ufunguo wa gari kidoleni.

"Nilikuona kwenye mazishi ya Baba. Ulikaa kiti cha mwisho kanisani. Nilitaka kuja kukuita ukae nasi, nikaona haya. Sijui haya ya nini."

"Ulikuwa na msiba, binti yangu."

"Kuna jambo nataka ulisikie kwangu. Mama alikuwa akimwambia Baba kila mara: mlete huyo mtu juu ale mezani kama binadamu. Kila Ijumaa walikuwa wanagombana kwa hilo, kwa sauti ya chini ili msisikie. Baba alikuwa anasema, majirani watatuona dirishani, na baadhi ni watu wa kanisani kwetu. Anasema, kesho. Atamleta kesho." Akapangusa pua. "Ningeweza kukudanganya kwamba ni Mama ndiye hakutaka. Ingekuwa rahisi kwako. Lakini si kweli."

Lucius alitazama basi la mjini likipita, likisimama, likiondoka.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Mtu akikupenda na akakuogopa kwa wakati mmoja, unajua. Alikuwa ananiangalia nikila. Anasubiri nimalize ndipo naye aanze." Akavua kofia, akaigeuza mikononi. "Nilimkasirikia sana baba yako. Mwaka mmoja mzima sikwenda. Halafu nikarudi, kwa sababu Ijumaa bila yeye zilikuwa ndefu. Usinitafutie maana yake. Ndivyo ilivyokuwa."

Marlene akamkumbatia pale pale barabarani, mchana kweupe. Mzee alisimama mikono chini, kisha akampigapiga mgongoni kama mtu anayemtuliza mtoto.

*

Kazi ikaanza Julai. Paa likang'olewa, likajengwa upya, mkaguzi akapanda ngazi na kushuka ameridhika. Kila siku Lucius alibeba kiti chake cha kukunja, akakaa uani akitazama. Carbone alimzoea haraka.

"Mzee, leo umekuja kunisimamia au kunilaani?"

"Nitaamua saa sita. Kwanza nione hiyo lipu yako."

Mwezi wa Septemba walipobomoa sakafu ya jikoni, Carbone akamwita mzee aje aone. Boriti kuu iliyobeba jikoni ilikuwa imeoza mpaka ndani. Kidole kilizama. Kilichokuwa kikishikilia jiko, meza, na watu wote waliowahi kula pale, ilikuwa nguzo moja ya chuma iliyosimamishwa kule chini.

"Hiyo nguzo tuliiweka mimi na Stefan," mzee akasema kwa fahari. "Mwaka sitini na sita. Tuliitoa kiwandani, usiniulize vipi. Usiiguse. Hiyo itasimama miaka mia."

Carbone akapiga magoti, akakwangua kitako cha nguzo kwa bisibisi. Chuma kikamwagika kama makapi ya chai. Maji ya miaka mingi yalikuwa yameila kutoka chini. Mzee akainama, akachukua kipande, kikavunjika mkononi mwake.

"Miaka mia, eeh?" Carbone akasema, lakini kwa upole.

"Nilikosea kidogo," mzee akajibu. Akacheka, kisha akaenda kukaa juu ya kile choo cheupe, kifuniko kikiwa chini, na akakaa hapo mpaka walipomwita kula.

Boriti mpya haikuwa kwenye mpango, na kisichokuwa kwenye mpango hakiguswi mpaka mkaguzi aje, aandike, na benki ikubali. Kulikuwa na akiba iliyotengwa ndani ya mkopo kwa ajili ya mambo ya namna hiyo, lakini ruhusa ilichelewa. Kazi ikasimama wiki tatu. Mvua za vuli zikaanza, jikoni pakiwa shimo tupu. Na mkopo wenyewe ulishaanza kudai, ilhali pango la juu ya duka la kufulia nalo lilikuwa palepale.

Jioni moja Corinne alirudi nyumbani, akaketi na koti lake, akalia. Hakulia kwa kelele.

"Ulisema ni kuni," akasema. "Kwa nini hukunizuia?"

Mzee alikuwa amepika mboga za majani na mfupa wa nguruwe, na mkate wa mahindi wa kikaangoni, kama alivyofundishwa na Odessa. Akamwekea sahani mbele yake kwanza. Kisha akavuta kiti.

"Unajua mama yako na mimi, baada ya siku ile ya benki, hatukuomba tena. Wakati ulifika mambo yakabadilika, sheria zikabadilika, rafiki zangu wakaanza kununua. Odessa akasema twende tena. Nikamwambia sipigi magoti mara mbili kwa mtu yuleyule. Nilijiona mwanamume kweli. Na yeye akaishi na kabati lake la vyombo kichwani mpaka alipokufa." Akamsogezea mkate. "Kwa hiyo usiniulize kwa nini sikukuzuia. Kula. Kesho utawapigia tena simu."

Corinne akala. Kesho yake akapiga simu, na kesho kutwa. Ruhusa ikatoka siku ya Alhamisi, na Ijumaa lori likaleta boriti. Akiba ikaishia humo, kwa hiyo vigae vya bafuni vikafutwa, na mpango wa kung'oa choo cha chini ukafutwa pia. Carbone akaambiwa akiache kilipo.

"Wageni watauliza," Carbone akasema.

"Waambie ni cha mfalme," Corinne akamjibu.

*

Walihamia mwezi wa Februari, mkaguzi akiwa ameshasaini kwa mara ya mwisho. Watu wa kanisani walisaidia kubeba vitu, wakaacha matope na vyakula kila mahali. Marlene alituma pazia za jikoni kutoka Ohio, za rangi ambayo Corinne aliiona mbaya sana, na akazitundika hivyohivyo.

Mzee alipewa chumba cha juu cha nyuma. Watu walipoondoka alipanda peke yake, akaegemea dirisha. Kule bondeni, kando ya mto, kiwanda kilishabomolewa zamani, na mahali pake palikuwa na maduka, sinema na magari yaliyopangwa kwa mistari. Walikuwa wameacha safu ya mabomba marefu ya moshi, ya matofali, yamesimama tu kwenye ukingo kwa ajili ya kumbukumbu. Usiku yanamulikwa taa. Hudak angetukana. Angeuliza umeme huo nani analipia.

Alikumbuka jinsi watu walivyokuwa wakipanda kilima hiki kwa makundi zamu ilipoisha, mamia yao, viatu vikigonga mawe, kila mtu akijipenyeza kwenye mlango wake wa chini. Na baada ya dakika chache mtaa mzima unasikia maji yakimwagika ndani ya nyumba, na harufu ya sabuni ya kipande inatoka kwenye madirisha madogo. Alikuwa hajaifikiria harufu hiyo miaka mingi.

Corinne akachungulia mlangoni, taulo begani. "Unatafuta nini huko nje?"

"Moshi."

"Baba, hakuna moshi pale tangu Mama yuko hai."

"Najua. Naangalia tu."

Akaja akasimama karibu naye. Theluji ilikuwa imeanza kuanguka tena, laini, bila upepo. Wakatazama magari yakitoka kwenye sinema, moja moja, taa zao zikigeukia darajani.

"Ile radieta yako ya kupasha chumba joto inagonga?" Corinne akauliza.

"Kama mtu anayedai."

"Carbone amesema itazoea."

"Au mimi nitazoea," mzee akasema, akafunga pazia. "Haya, twende jikoni ukanioneshe vijiko umeviweka wapi."